Nyumba ya Taa Tatu na Redio

Mama Subilaga hakupiga hodi. Aliufuata waya
kutoka soketi ya chumbani kwangu, ukapita dirishani,
ukaruka beseni la figiri,
hadi uani, ilikolala pikipiki yangu
imefunikwa blanketi kama mgonjwa.
“Ambakisye,” akasema, “huyu mnyama anakunywa LUKU ya nani?”

Vyumba vitano, mita moja. Uyole, mwezi wa sita,
ukungu umekalia mabati,
na mita ukutani inalia pii, pii,
kama kifaranga kilichosahauliwa nje.
Kila chumba hutoa elfu tano kwa mwezi:
ya pasi, ya simu, ya tivii ya mwalimu Tusekile.
Pikipiki haikuwamo kwenye hesabu.

Nikamwambia: uniti tatu tu, mama, usiku kucha,
na kesho siendi sheli.
Akasema: petroli ulikuwa unajinunulia.
Hizi unanunuliwa.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na baridi.

Fundi Lwitiko alikuja Jumamosi.
Akaugusa waya kwa mgongo wa kiganja
kama mzazi anayepima homa.
“Nyumba hii,” akasema,
“ilifungiwa umeme wa taa tatu na redio.”
Akanionyesha soketi, mdomo umeungua,
kahawia kama kiazi kilichoachwa jivuni.
Akaagiza waya mnene. Swichi yake peke yake.
Fimbo ya shaba izame ardhini
kupita urefu wa jembe.
Na mita ndogo ubavuni mwa ile kubwa,
kila mmoja ajue anakula nini.
Nikauza sabufa.

Kijiweni huniuliza: inafika wapi?
Nawajibu kwa viazi.
Kupanda Isyonje alfajiri, vidole vimekufa ganzi,
namba zinaporomoka kwenye kioo,
mia, themanini na moja, sitini na nne,
kila moja naisikia ikinitoka mfukoni.
Kurudi na gunia mgongoni mwa kiti
mteremko hunipa chenji:
asilimia mbili, siku njema tatu.
Petroli haijawahi kunirudishia chenji.
Lakini Kiwira siendi.
Nikishuka kule, nani atanipandisha?
Abiria wa Kiwira namwachia Gwamaka na moshi wake,
na zipo siku ambazo hilo linauma.

Sasa pana daftari, limening’inia msumarini chini ya mita.
Mama Subilaga huandika mwenyewe kila asubuhi,
tochi kwapani, miwani imeshuka puani:
Jumanne, tatu nukta moja.
Jumatano, mbili nukta nane.
Alhamisi, hakuchaji, anasema anaumwa.

Juzi umeme ulikatika saa moja jioni.
Mtaa mzima ukazama.
Mtoto wa mwalimu alikuwa na mtihani wa jiografia,
na mshumaa ulikuwa umebaki kisigino.
Nikaisukuma pikipiki hadi mlangoni, nikageuza usukani,
taa ikaingia ndani
ikalala juu ya meza, juu ya ramani ya mito,
Ruaha akawaka, Songwe akawaka.
Chumba cha tatu wakaja na ufumaji wao.
Mama Subilaga akaja na ungo wa maharage,
akakaa pembeni, akachambua.
Hakuna aliyenisifu. Hakuna kilichonguruma.
Nilisimama nje nikitazama namba zikishuka taratibu
kwa ajili ya mito.

Hadi saa nne zilibaki thelathini.
Umeme ulirudi watu wakinywa chai.
Nilikuwa nimeshakataa abiria wawili.

Jioni nikalisoma daftari:
Ijumaa. Umeme hakuna. Taa: yeye.
Na chini yake, kwa wino uleule,
Anadaiwa elfu mbili mia nne. Akumbushwe.